Mwenye Picha ya Kikombe

Miaka yote ya ndoa yetu nilibishana na mume wangu jambo moja, akanikatalia. Kisha akaja kumkubalia mwanamke asiyemjua, kwenye simu. Nalitanguliza hili ili msomaji asidhani kwamba haya nayaandika kwa moyo mweupe. Moyo wangu ulikuwa na wivu, na kwa sehemu bado unao.

Jambo lenyewe ni laifujaketi, lile koti la maboya la kumwelesha mtu akianguka majini. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Amezaliwa Mwamgongo, kijiji ambacho mtoto hujua kupiga kasia kabla ya kujua kufunga vifungo vya shati. Mimi ni mtu wa milimani. Kwetu maji yanakaa kwenye ndoo, na mtu akiyataka mengi anangoja mvua. Siku ya kwanza nilipoletwa Bangwe kuishi karibu na ziwa, niliamka asubuhi nikaona maji hayana mwisho, nikamuuliza mume wangu huwa anavaa nini akiwa huko ndani. Akasema anavaa suruali.

Tangu hapo nikaanza. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikamwambia kwa kununa. Nilimtuma kaka yangu amwambie. Nilimtuma mama yake mzazi, ambaye alicheka na kuniambia kwa Kiha chake kwamba mwanawe si gunia la mihogo hata afungwe mikanda. Nikasema nitanunua mwenyewe. Nina kibanda cha cherehani Gungu, nashona vitenge na sare za shule, na kwa hela ya sare nikanunua jaketi la rangi ya chungwa, jipya, likinukia duka. Nilimpa kwa mikono miwili.

Alishukuru. Akaenda nalo kwenye boti, na kwa muda nikalala usingizi wa watu wenye akili timamu. Kisha siku moja nikamkuta mvuvi wake mmoja amelikalia, akipara samaki. Baadaye likarudi nyumbani likiwa na mafuta ya injini, likatupwa nyuma ya jiko, na kuku wetu mwenye madoa akaona ni mahali pazuri. Alitaga humo mayai yake yote na akayaatamia. Nilipolalamika, mume wangu akasema angalau limeokoa maisha ya vifaranga.

Hoja zake nilizijua kwa moyo. Jaketi linanasa kwenye nyavu wakati wa kuvuta. Jaketi linatia joto. Anayelivaa anauita msiba, maana kinga ya nini kama huna nia ya kuanguka? Na ya mwisho, ambayo akishaitoa huinuka na kubeba kiti chake, mjadala umekwisha: siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Kifo kina siku yake, na siku hiyo haisomi rangi ya chungwa.

Mimi nilikuwa na hoja moja tu. Nilikuwa namwambia asife.

Sasa nieleze habari ya mwezi, kwa sababu huko ndiko wivu ulikoingilia. Dagaa hufuata taa. Kwenye giza wavuvi wanatoka na taa zao, na mke anabaki na kitanda. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina kazi, dagaa hawaji, na wanaume wanabaki nchi kavu. Wake wa wavuvi tunaujua mwezi kuliko tunavyoijua kalenda ya ukutani. Mbalamwezi ilikuwa yangu. Mume wangu alikuwa anakuja kukaa kibandani kwangu, anamenya karanga, anawatania wateja, ananisomea vipimo nikikata kitambaa. Tulikuwa tunapanda boti pamoja kwenda Mwamgongo kumsalimia mama yake. Siku hizo nilikuwa na mume mchana kutwa, na nilimfaidi.

Kisha akanunua simu ya kupangusa, na mtu akamwingiza kwenye kundi la wavuvi na wachuuzi wa mwambao. Ndani yake mlikuwa na watu wa huku mjini, wa vijijini kaskazini, na hata wachache wa ng'ambo ya Kongo. Kwenye giza kundi lilikuwa kimya, maana wenyewe wako kazini. Mbalamwezi ikianza tu, linachemka. Mbalamwezi yangu ikahamia huko.

Mwanzoni nilicheka. Walibishana kama dagaa wa Kigoma wanaoshwa kabla ya kukaangwa au hawaoshwi. Ubishi ule ulianza mbalamwezi moja ukamalizika mbalamwezi nyingine, na kila mtu akabaki na dagaa wake kama alivyoingia nao. Walibishana kuhusu mpira, kuhusu bei ya mafuta ya mawese, kama samaki wa mgebuka akiwa mbichi anampita wa kukaushwa kwa moshi. Mume wangu alikuwa bingwa. Ana ulimi, na kumbe hata vidole vyake vina ulimi. Alikuwa ananisomea jibu lake kabla ya kulituma, kisha ananisomea vicheko vilivyofuata. Nilimuuliza kama kuna hata mmoja aliyewahi kuandika humo, "Nimekosea, ninyi mko sawa." Akafikiri kwa dhati kabisa, akasema hajamwona.

"Sasa mnabishana ili iweje?"

"Tunabishana ili tusilale," akasema.

Nililikubali jibu hilo, na kwa muda mrefu niliamini kwamba mabishano ya simu ni hivyo tu, kutwanga maji kwenye kinu huku watu wakishangilia mtwangaji.

Siku moja ya mbalamwezi alikaa kwenye stuli yake kibandani, karanga ziko pajani hazijamenywa. Alikuwa anaandika. Akafuta. Akaandika tena, akafuta tena. Nilisimamisha cherehani nikamwangalia. Mimi nimegombana na mtu huyu tangu nikiwa mwari, na maneno yake kwangu yanatoka kama yalivyo, yenye miiba na yasiyo na miiba. Hajawahi kunifutia neno hata moja. Nani huyo anayechaguliwa maneno?

"Unaongea na nani?"

"Kundi."

"Kundi ndio linakufanya ufute?"

Akaiweka simu mfukoni na kuanza kumenya karanga kwa kasi ya mtu aliyekumbushwa kazi. Ile kasi ndiyo iliyonitia shaka zaidi.

Sikumuuliza tena. Niliangalia. Kwenye giza lililofuata alitoka kazini kama kawaida. Akarudi asubuhi, akalala, akaamka, akala. Kisha akaja kibandani na mfuko mweusi wa plastiki, akautua juu ya meza yangu ya kukatia, akasimama pale akichezea futikamba.

Nikafungua. Ndani mlikuwa na jaketi jipya la maboya, la buluu iliyoiva.

"Nipunguzie mikanda," akasema. "Mirefu sana, itanasa kwenye nyavu. Na huku mbele pashone pakae bapa, nataka nilivae ndani ya koti la mvua."

Mtu mwema angemshukuru Mungu. Mimi niliketi na lile jaketi mapajani, na kitu cha kwanza kilichonijia ni kuku mwenye madoa. La kwangu lilitagiwa na kuku. Hili amelinunua kwa pesa yake, amelibeba kwa pikipiki kutoka mjini hadi Gungu, na amelileta nimpime vizuri, kama bwana harusi.

"Nani kakwambia?" nikauliza.

"Hakuna aliyeniambia. Nimefikiri tu."

"Umefikiri. Tangu lini?"

Akaona sitanyanyua mkasi mpaka aseme. Akatoa simu, akaitafuta sehemu, akanipa. "Soma," akasema, akaenda kusimama mlangoni akinipa mgongo.

Nilisoma nikiwa nimelikalia lile jaketi, maana sikutaka kuliona.

Ubishi ulikuwa umeanzishwa na mtu aliyelalamika kwamba wavuvi wanahimizwa kuvaa majaketi. Wenzake wakamdaka. Mmoja aliandika kwamba laifujaketi ni sidiria ya mvuvi, na vicheko vilivyofuata vilijaza kioo kizima. Mume wangu akaja na nyani wake anayeteleza kwenye miti yote. Akaongeza kwamba Izraili akikutaka haulizi boya. Vicheko, vidole gumba, makofi.

Ndipo akaingia mtu ambaye sikuona jina lake. Palikuwa na namba tu, na picha ya kikombe cha chai juu ya kitambaa cha meza kilichofumwa. Aliandika hivi, na nayanakili kama nilivyoyasoma siku hiyo, kwa sababu niliyasoma mara nyingi mno kuyasahau:

"Kaka, sikubishii. Siku ikifika imefika. Ya mume wangu ilifika na nimekubali. Lakini hajarudi. Boti ilipinduka, wenzake wawili waliovaa tuliwaona, mmoja mzima na mmoja maiti, tukamzika kwa heshima zake. Wangu hakuvaa. Mpaka leo sijui mimi ni mke au ni mjane. Shehe mmoja kasema nianze eda, mwingine kasema ningoje. Mama mkwe hataki hata kulisikia neno eda, anasema mwanawe yuko hai upande wa Kongo, na nikikaa eda nitakuwa nimemuua mimi. Kanzu yake ipo kwenye msumari, siwezi kuifua, siwezi kuigawa. Jaketi halikuzuii kufa. Linakurudisha nyumbani tu."

Chini yake hapakuwa na kicheko wala kidole gumba. Kisha mume wangu, mume wangu huyu aliyesimama mlangoni, aliandika: "Dada, sasa umeleta matanga kwenye mjadala." Na nyuso tatu za kucheka. Wengine wakapumua, wakacheka naye, na mazungumzo yakageukia bei ya nyavu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sentensi aliyoiandika na kuifuta na kuiandika. Alikuwa anatafuta njia ya kutoka bila kuonekana kwamba ametoka.

Wasiojua eda wajue kwamba ni ile miezi minne na ushei ambayo mwanamke wa Kiislamu hukaa ndani baada ya kufiwa na mumewe. Hajipambi, hatembei ovyo, haposwi. Ni kifungo, ila kina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Siku ya kutoka eda watu humpikia, humwogesha, humvalisha, naye anarudi kwenye maisha. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kukosa hata mlango wa kuingilia.

Nilimwonea huruma. Nasema kweli, nilimwonea huruma sana. Na katika moyo ule ule, palepale pembeni ya huruma, wivu ulikuwa umekaa umekunja nne.

"Alisema nini ambacho mimi sikusema?" nikamuuliza mume wangu.

"Wewe ulikuwa unaniambia nisife," akasema bila kugeuka. "Hilo mimi siwezi kukuahidi, kwa hiyo nilikuwa nakukatalia. Yeye hakuniambia nisife."

"Alikwambia nini?"

"Alinionyesha wewe." Akageuka. "Niliiona kanzu yangu pale kwenye msumari wetu. Nikamwona na mama, namjua mama, atasema niko Kongo mpaka azeeke. Na wewe nakujua. Wewe utangoja."

Wanawake wengine wangelia kwa maneno hayo. Mimi nililia pia, lakini kwa hasira. Kumbe nilikuwa ndani ya hoja muda wote na sikujiona. Ilibidi mwanamke mwingine, mwenye kikombe, anitoe hapo nilipo na kunionyesha kwa mume wangu mwenyewe, kama vile mimi ni kitambaa kilichokuwa kimekunjwa kabatini. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji kapona, sawa. Hawakusema mke wa mwenyeji aweke wapi uso wake.

Nilipunguza mikanda. Nilishona mbele pakae bapa. Nilivuta uzi kwa nguvu mpaka sindano ikanichoma, na sikulilamba lile tone la damu, nililiacha likauke kwenye kitambaa cha buluu, upande wa ndani. Nilitaka pawe na kitu changu humo.

Kisha likaja lililonifanya niandike. Kabla giza lile halijaisha, mwenye kikombe aliondoka kwenye kundi. Kwanza aliandika: "Nimeona kubishana humu hakuna faida. Watu wanakuja na yao na wanaondoka na yao. Hakuna hata mmoja aliyebadilika. Nawatakia heri, Mungu awarudishe salama." Baada ya hapo yakatokea yale maandishi madogo ya kusema namba fulani imetoka. Mume wangu akamwandikia, mbele ya watu wote, "Safari njema dada," na uso mmoja wa kucheka. Alikuwa ameketi kitandani anafunga kamba za viatu, na jaketi la buluu liko mgongoni mwake.

"Mwambie," nikasema.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba umevaa."

Akaniangalia kana kwamba nimemwambia atembee uchi Bangwe nzima. "Mbele ya kundi? Wanichinje?"

Mwanaume hashindwi mbele ya wanaume wenzake. Hilo nilikuwa nimelijua tangu nikiwa mtoto, nikiwasikiliza baba zangu wakibishana kuhusu mipaka ya mashamba. Mtu anashikilia neno lake mpaka jua linatua, anakwenda nalo nyumbani likiwa zima, na kesho yake asubuhi unamkuta analima ndani ya mpaka aliokuwa anaukataa. Ukimwuliza, anasema siku zote alikuwa analima hapo. Simu haikuleta jipya, imeongeza tu idadi ya wanaume wanaotazama.

Nilikuwa nimeinakili namba ya mwenye kikombe kabla haijapotea. Niseme kwa nini niliinakili: nilikuwa na mpango wa kumtolea uvivu. Nilikuwa nimeshatunga na maneno. Ningemuuliza ni desturi ya wapi mtu kuingia kwenye vichwa vya waume za watu. Niliikuza ile picha ya kikombe kwa vidole viwili, nikatafuta kama kuna mkono pembeni, hina, pete, chochote. Kulikuwa na kikombe tu na kitambaa kilichofumwa vizuri. Hata ufumaji wake niliuonea wivu.

Sikumwandikia. Nilijiambia sina muda. Ukweli ni kwamba alikuwa ameondoka akiamini ameshindwa, na jambo hilo lilinistarehesha kidogo. Acha aamini. Mimi nimeshindwa miaka mingapi?

Wiki iliyofuata akaja kibandani mwanamke ninayemfahamu kwa sura, mke wa mvuvi wa upande wa pili wa Bangwe. Tukasalimiana kwa heshima zote, mwakeye na mwakeye ya Kiha, habari za watoto, habari za kwenu. Alikuwa na mfuko mweusi wa plastiki. Akautua mezani akashusha sauti.

"Naomba unipunguzie mikanda. Ila mama, usimwambie mtu. Mume wangu atachekwa."

Nikafungua mfuko. Jaketi la kijani.

"Kwani analivaa?" nikauliza, nikijitahidi uso wangu usiseme kitu.

"Ego," akaitikia ndiyo kwa Kiha. "Analivaa ndani ya koti. Wakikaribia ufukweni analivua, analificha chini ya turubai."

Nilimshonea. Siku mbili tatu baadaye akaja mwingine, na mfuko, na sauti ya chini, na ombi lile lile la kutomwambia mtu. Huyu mumewe namfahamu vizuri. Ndiye aliyeandika habari ya sidiria ya mvuvi. Nilimpima mkewe maneno kidogo kidogo, naye akaniambia kwamba bwana alikuja nyumbani mbalamwezi moja akiwa hana raha, akamwuliza ghafla, "Mimi nikipotea, wewe utakaa eda lini?" Alishtuka, akafikiri anataka kumwacha. Baadaye ndipo akamwona na jaketi.

Wakaja na wengine. Sikuhesabu, na hata ningehesabu nisingesema, kwa sababu fundi huficha vipimo vya watu. Kila mmoja aliamini mumewe yuko peke yake. Wanaume hao walikuwa wanatoka kwenye maji yale yale, wamevaa kitu kile kile ndani ya makoti, na kila mmoja anawaogopa wenzake. Na mbalamwezi iliporudi, kundini wakaendelea kuyacheka majaketi kama jana na juzi. Mume wangu aliandika utani mpya. Nilikuwa nimekaa naye karibu, mikanda ya mwenye sidiria ikiwa chini ya sindano yangu.

Basi mtu akiniuliza leo kama mabishano ya simu humbadilisha mtu, nitamjibu kwamba asiangalie kwenye simu. Humo hakuna atakayekubali. Aende kwa fundi.

Nilikuwa mtu pekee pwani nzima niliyejua alichokifanya mwanamke yule. Na yeye mwenyewe hakujua. Nilitembea na siri hiyo, na siri ikaanza kuninyima raha. Asubuhi moja, majaketi matatu yakiwa yametundikwa kwenye misumari ya kibanda yakisubiri wenyewe, la buluu, lililorudishwa kukazwa uzi, likiwa katikati, niliyapiga picha. Nikaitafuta ile namba.

Nikaandika. Nikafuta. Nikaandika, nikafuta. Hapo nikamkumbuka mume wangu na karanga zake ambazo hazijamenywa, nikaona aibu kidogo. Mwishowe nilituma ile picha, na chini yake hivi:

"Asalaam alaikum dada. Hunijui. Mimi ni fundi cherehani, Gungu. Haya majaketi ni ya wanaume wa kundi lile. Wameyanunua baada ya maneno yako. Wapo na wengine. Wao hawatakwambia, kwa hiyo nakwambia mimi."

Nilidhani nikituma nitajisikia mtu mkubwa. Nilijisikia mtu aliyetoa kitu chake cha thamani kwa mkono usiotaka.

Ilionyesha amesoma. Ikaonyesha anaandika, ikaacha. Anaandika, ikaacha. Mteja akaingia akauliza gauni lake, nikamwambia liko tayari na halikuwa tayari.

Akajibu: "Waalaikum salaam. Na wako yumo?"

"Yumo," nikaandika. "La buluu."

"Leo yuko wapi?"

"Amelala nyumbani. Jioni anaingia ziwani, giza limeanza."

Nikafikiri amemaliza. Nilikuwa nimeshaiweka simu chini na kulishika lile gauni la mteja ilipolia tena.

"Nakuonea wivu, dada yangu."

Nililisoma neno hilo nikiwa nimesimama. Kisha nikaketi kwenye stuli ya mume wangu. Nilikuwa nimebeba wivu wangu tangu mbalamwezi ile, nimeulea, nimeushonea na mifuko, na wala sikuwahi kufikiri kwamba huko aliko, mwanamke huyu aliyekuwa akizungumza na wanaume wetu alikuwa anazungumza na watu ambao kila asubuhi wanarudi kwa mtu. Nikaitazama ile picha niliyomtumia. Majaketi matatu kwenye misumari. Sikuwa nimefikiri kuhusu misumari.

Nilimwandikia tu, "Mungu akupe mlango," nikijua ataelewa.

Jioni mume wangu akaja kibandani kuchukua jaketi, koti la mvua likiwa begani. Nilimpa simu. Akasoma juu mpaka chini, akarudi juu, akasoma tena, midomo ikitikisika kidogo kama mtoto wa shule. Akanirudishia. Nikalitungua la buluu; akaangalia msumari uliobaki mtupu, akanyoosha mikono yake pande mbili.

Nikamvalisha. Nilifunga mkanda wa juu, nikafunga wa katikati, nikafunga wa chini, palepale kwenye baraza la kibanda, watu wakipita na pikipiki zao. Mmoja akapiga honi na kuita jambo tusilolisikia vizuri, na wenzake wakacheka. Nilichukua koti la mvua nimvalishe juu yake.

"Liache," akasema. "Joto."

Akapanda pikipiki, akaenda hivyo hivyo mpaka Bangwe kwa wenzake, buluu tupu, na koti likabaki mikononi mwangu.